Kitabu Pepe Si Mtoto wa Kambo

Tasnia yetu ya uchapishaji imezoea kukilaumu kitabu pepe kwa kosa lisilo lake. Mchapishaji hukiona kuwa mlango wa maharamia; mwandishi hukiona kuwa kitabu kilichopungukiwa heshima. Msomaji aliye tayari kulipa haoni pa kununua, na mara nyingi anachokipata ni nakala iliyopigwa picha, ikizungushwa bure katika makundi ya WhatsApp.

Wanaodai kwamba hatukuwa na nyenzo waitazame kalenda. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Novemba mwaka huohuo Amazon ikazindua Kindle nchini Marekani. Njia ya kulipia kwa simu ilikuwa mikononi mwetu kabla Wamarekani hawajakipata kifaa hicho cha kusomea. Kilichokosekana ni utashi.

Tuje kwenye fedha. Kitabu pepe hakihitaji karatasi, wino, ghala wala lori la kukipeleka Songea. Mchapishaji anayempa mwandishi mrabaha uleule wa chapa ya karatasi anamtoza gharama zisizokuwapo. Wachapishaji wakubwa wa Marekani, ambao hawasifiki kwa ukarimu, wamezoea kumpa mwandishi asilimia 25 ya kile wanachopokea kutokana na kitabu pepe. Amazon humpa anayejichapishia hadi asilimia 70.

Hata hivyo, mwandishi naye hana usafi wa kujivunia. Hutia saini kugawa haki zote bila kukisoma kipengele cha nakala za kielektroniki, kisha hulalama vijiweni. Nasi wanataaluma tunamponza zaidi. Gazeti la New York Times lilianza kuorodhesha mauzo ya vitabu pepe Februari 2011; sisi tungali tunaipima kazi kwa unene wa jalada. Riwaya haiongezewi hekima na gundi.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, lakini kilichofungiwa kabatini hakijiuzi. Mchapishaji na atoe kitabu pepe siku ileile anapotoa chapa ya karatasi, kwa bei ya haki, malipo yapokewe kwa simu, na mwandishi aonyeshwe hesabu za mauzo. Mwandishi naye asiukubali mkataba usiotaja mambo hayo. Wakishindwa, wasimlaani haramia: wao ndio waliomwachia soko.