Mafuta ya jua yasimchome mtoto macho

Kuanzia Kilindoni hadi Utende, kisiwani Mafia, jua la mchana halina huruma. Mtoto mwenye ualbino hupakwa mafuta ya kuzuia mionzi asubuhi, kama vile Kilisun yanayotengenezwa Moshi. Akitoka jasho au akiogelea, mafuta hutiririka hadi machoni. Yakimchoma mara mbili tatu, huanza kuyakataa. Hapo ndipo penye hatari, kwani ngozi isiyokingwa inaweza kupata saratani.

Mzazi, mpake dakika 20 kabla hajatoka, yapate kukolea. Usipake kwenye kope. Macho yakingwe kwa kofia pana na miwani ya jua. Ukimaliza, nawa mikono, naye anawe viganja, maana watoto hufikicha macho. Jasho la usoni lifutwe taratibu kwa kitambaa safi. Rudia kumpaka kila baada ya saa 2, na kila atokapo majini.

Yakiingia machoni, asifikiche. Msuuze kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15. Maumivu yakiendelea au akiona ukungu, mpeleke kituo cha afya.

Usiache kumpaka, badili namna ya kumpaka.