Mpungate na Mdudu Wake

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini si kila mgeni huja na uponyaji. Wafugaji wa Laikipia wamjua vema mgeni mmoja aliyekuja na miiba: mpungate, mmea wenye vipande bapa vinene kama sahani na matunda mekundu. Asili yake ni bara la Amerika. Katika siku za ukoloni uliletwa Kenya uwe ua na pambo la nyumba, nao ukatoka uani ukaingia malishoni. Ndovu na nyani hula matunda yake na kueneza mbegu kwa mavi yao, na kipande kiangukacho chini huota mizizi. Mbuzi ayalaye matunda hayo huchomwa na vimiiba kinywani na tumboni, akakonda, na pengine akafa. Tena palipo na vichaka vyake, nyasi hukosa nafasi.

Mmea huo umepata wapi nguvu hizo? Jibu li kwa wadudu. Mgunga na nyasi za Laikipia huliwa na panzi, viwavi na mchwa wa nchi hiyo, ambao wamezoeana nazo tangu zamani. Wadudu waulao mpungate walibaki ng'ambo. Basi mwenyeji hutozwa kodi kila mwaka, na mgeni halipi hata senti.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 wataalamu walimpeleka Laikipia adui wa mpungate, mdudu aitwaye kochinili. Ni mdogo sana. Jike hana mabawa. Hukaa mahali pamoja akinyonya maji ya mmea, amejifunika utando mweupe kama pamba. Akipondwa hutoa rangi nyekundu kama damu. Chakula chake ni mpungate na jamaa zake tu. Hali mahindi, maharagwe, mgunga wala mnyaa. Hata katika mipungate yenyewe, kila aina ya kochinili huchagua aina yake. Vichaka alivyovishika vimenyauka, na matunda yamepungua.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba mdudu aliye rafiki mahali pamoja ni rafiki kila mahali. Huko Australia mpungate ulikuwa umefunika yapata ekari milioni 60 kufikia mwaka 1925. Ndipo wakaletwa viwavi wa nondo kutoka Argentina, nao katika miaka michache wakaitafuna mipungate hata mashamba yaliyoachwa yakalimwa tena. Wenyeji wa Boonarga, katika Queensland, walijenga ukumbi wa kumkumbuka mdudu huyo, ukafunguliwa mwaka 1936. Lakini mwaka 1989 nondo yule yule alionekana Florida, Marekani, ambako mipungate ni mimea ya asili. Huko hashangiliwi, bali huhesabiwa kuwa mharibifu. Mdudu ni yule yule. Kilichobadilika ni nchi.

Kwa hiyo yafaa kila mfugaji ayajue mambo haya. Akiona pamba nyeupe juu ya mpungate, asiipulizie dawa wala asiichome moto, maana hiyo ni kazi inayoendelea. Asikate mpungate na kuvitupa vipande ovyo, kwani kila kipande ni mche. Kochinili haendi mbali kwa nguvu zake mwenyewe. Vipande vyenye wadudu hukatwa vikapelekwa penye vichaka vizima. Lakini kazi hiyo ifanywe kwa shauri la ofisa wa kilimo, ajuaye ni mdudu yupi kwa mpungate upi.

Na mwenye kutaka ua apande mnyaa, ambao ni wa nchi na una wadudu wake. Afadhali ua uliwao kidogo kila mwaka kuliko ua usioliwa, ambao mwishowe huyala malisho ya jirani.