Popo si ndege, na kenge ni jamaa wa nyoka!

Wiki hii mapenzi na mitindo nawaachia wenzangu. Mimi nina ugomvi uliokigawa kijiwe chetu hapa Wete makundi mawili: popo ni ndege au ni mnyama?

Kundi la ndege lilikuwa na msemaji wake, mzee mmoja asiyekubali kushindwa. "Yakhe," akasema, "kitu kina mabawa, kinaruka, kinalala mtini, halafu wewe unataka kukiita ng'ombe?" Watu wakacheka mpaka kahawa zikamwagika. Shikamoo mzee wangu, lakini hoja hiyo haisimami. Nzi naye ana mabawa na anaruka, mbona hujamwita ndege?

Tatizo jingine ni lugha yetu. Kuku ana manyoya, paka ana manyoya, basi mtu anaona yote sawa. Yaangalie vizuri. Nyoya la kuku lina uti katikati na vijinywele vimepangwa huku na huku. La popo ni unywele mtupu, kama wako wewe. Halafu likunjue bawa lake: utakuta kiganja na vidole vitano, vinne vimerefuka kupita kiasi na kuwambwa ngozi kama mwavuli. Kubwa kuliko yote, popo anazaa na ananyonyesha. Hapo kesi imekwisha.

Maana hilo la kunyonyesha ndilo lililotoa jina. Msweden mmoja, Carl Linnaeus, ndiye aliyeketi kuwapanga viumbe wote katika koo na matumbo. Mwaka 1758 aliwaita wanaonyonyesha Mamalia, kutokana na neno la Kilatini la titi, na nyangumi akamtoa kwenye samaki akamweka humo. Popo je? Usishtuke: alimweka kundi moja na nyani na binadamu! Baadaye wenzake wakamtoa. Leo vipimo vya DNA vinaonyesha kwamba popo yuko karibu zaidi na farasi, mbwa na nyangumi kuliko alivyo karibu na panya. Kwa hiyo hata wale wanaomwita panya mwenye mabawa nao wamechemsha.

Sasa tuje kwa popo wetu wenyewe, maana Pemba tuna wa kwetu. Ni yule mkubwa mwenye uso kama wa mbweha na manyoya ya hudhurungi, mabawa yakitandazwa yanafika kama mita moja na nusu. Wataalamu wanamwita Pteropus voeltzkowi, jina alilopewa mwaka 1909 na Mjerumani Paul Matschie kwa heshima ya msafiri Alfred Voeltzkow. Duniani kote anaishi kisiwani Pemba tu. Na hapa pana ajabu yake: bara tunaliona kama liko hapo tu, kilomita 50 hivi za maji, lakini bara la Afrika halina popo hata mmoja wa ukoo huo wa Pteropus. Jamaa zake wako Mafia, Komoro, Madagaska, Shelisheli na kuendelea mpaka Asia. Popo wetu ana ndugu ng'ambo ya bahari, kama familia nyingi za hapa!

Hayuko peke yake. Yule mjusi wa kijani anayeota jua kwenye migomba mchana kweupe, Phelsuma parkeri, naye asili yake ni Pemba, na ukoo wake mkubwa uko Madagaska.

Na kwa kuwa tumemtaja mjusi, tuingie kwa reptilia. Huku ndiko kwenye kasheshe. Skuli tulikariri: reptilia ana magamba, damu baridi, anataga mayai. Tukajaza boksi moja kasa, kobe, mjusi, nyoka, kenge na mamba. Linnaeus mwenyewe alivuruga zaidi, akawatia humo na vyura na papa. Leo boksi lenyewe linavuja. Ukifuata nasaba na si sura, kenge yuko karibu zaidi na nyoka kuliko alivyo karibu na mjusi wa ukutani, ingawa yeye ana miguu na nyoka hana. Kasa anayetaga kule Misali naye yuko karibu zaidi na mamba kuliko mjusi.

Na mamba? Shikilia kiti. Jamaa yake wa karibu kabisa miongoni mwa walio hai ni ndege. Wote wawili moyo wao una vyumba vinne, na mamba jike huyalinda mayai yake kama kuku anayeatamia. Kwa hiyo ukisema "reptilia" ukawaacha ndege nje, ni sawa na kusoma majina ya watoto wa nyumba moja ukamruka mmoja kwa kuwa amejifunza kuruka.

Sisi mamalia je, tumetokana na reptilia? Vitabu vya zamani vilisema hivyo. Siku hizi wanasema hapana, hizi ni koo mbili ndugu zilizoachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Najua wapo watakaonifuata kwa hili, na imani ya mtu siigusi. Mimi naeleza mifupa inavyosomwa, na mifupa yenyewe iko nchini kwetu. Kule kusini, bonde la mto Ruhuhu, miamba imejaa wanyama wa kale wenye meno mawili yaliyochomoza kama ya ngiri. Ukiwaona utasema ni mijusi minene, kumbe wako upande wetu, wa wanaonyonyesha. Upande wa pili, miamba ya Manda huko huko imetoa kiumbe wa ukoo wa dainosaria na ndege, aliyepewa jina mwaka 2010. Anaitwa Asilisaurus kongwe. Umesoma vizuri: "asili" na "kongwe", Kiswahili ndani ya jina la kitaalamu!

Ushahidi mwingine unatembea nao. Ndani ya sikio lako mna vifupa vitatu vidogo. Mjusi ana kimoja tu. Viwili vyako vya ziada, kwa wanyama wale wa kale, vilikuwa sehemu ya taya. Wazee wale walitafunia, wewe unasikilizia taarabu.

Sasa utaniuliza, haya yote yanatia nini chunguni? Basi sikiliza. Popo wetu alikuwa kitoweo. Aliwindwa kwa bunduki na nyavu huku misitu ikikatwa, na kufika 1989 walikadiriwa kubaki elfu chache tu. Mtu anayemhesabu kuwa ni ndege hana wasiwasi: kuku si anaangua vifaranga kumi kwa mpigo? Lakini popo si kuku. Kama mamalia wengi wakubwa, anazaa mtoto mmoja kwa mwaka, akamnyonyesha na kumbeba kifuani. Ukimpiga mama, umemaliza na mwana. Hesabu ya ndege ukiifanya kwa popo, unafilisi kisiwa.

Jina baya nalo halikumsaidia. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipotukumba, watu walilala nje kwa makundi wakiota moto, na kiumbe asiye na kosa akabebeshwa lawama kwa sababu ya bawa lake.

Bahati nzuri vijiji viliamka. Kuanzia miaka hiyo ya 90 walianzisha vikundi vya kuwalinda, na Kidike, karibu na Chake Chake, wageni wanalipa kuja kuwatazama. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha idadi imepanda hadi kama 20,000. Hao ndio wanaotupandia miti bure, maana mbegu za matunda wanayokula usiku wanazidondosha mbali, na maua wanayachavusha wakipita.

Kwa hiyo mshikaji, ukikuta kijiwe kinabishana, usiulize nani anaruka na nani anatambaa. Uliza anazaaje, anazaa wangapi, na jamaa zake ni kina nani. Majibu hayo ndiyo yanayokwambia umchukue wangapi na umwache lini.

Wiki ijayo panapo majaliwa: nguva na pomboo, samaki au ndugu zetu? Bishaneni kwanza.