Krismasi: Mpishi naye apate wasaa wa kukaa na Mungu

Desemba inapowadia, magari yanayotoka Nairobi kuelekea Kisii na Nyamira hujaa pomoni. Soko la Daraja Mbili hufurika wanunuzi wa ndizi, kuku na nguo za watoto. Wakati uo huo, wavulana waliopashwa tohara katika likizo ndefu ya shule huwa wakiuguza vidonda, na sherehe zao huleta wageni zaidi. Bado kuna harusi, mazishi na mikutano ya ukoo.

Katika pilkapilka hizo zote, Yule tunayemsherehekea hupewa dakika ngapi?

Wengi watajibu kwamba wao huenda kanisani. Ni vyema, lakini ibada ya umati na utulivu wa mtu binafsi ni mambo mawili tofauti. Injili ya Marko inaeleza kwamba Yesu, baada ya jioni ya kuhudumia wagonjwa wengi, aliamka kabla ya mapambazuko akaenda mahali pasipo na watu kuomba. Ikiwa yeye alihitaji hivyo, sembuse sisi?

Utulivu huo hufaa mwili pia. Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanyiwa watu wazima 23 wenye afya nchini Italia. Waliposali Rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilipungua hadi karibu 6 kwa dakika, na uwezo wa mwili kurekebisha shinikizo la damu ukaongezeka. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sala si badala ya matibabu. Mwenye shinikizo la damu au kisukari asafiri na dawa zake, na azitumie alivyoagizwa hata siku ya karamu.

Lakini kumwambia mtu "tafuta wakati wa kutulia" ni maneno matupu ikiwa mtu huyo ni mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha kuni na kulala saa sita usiku baada ya kuosha vyombo vya mgeni wa mwisho. Huko Nyamira huenda jana yake alishinda akichuma majani chai. Huyu hajakosa imani. Amekosa mtu wa kumpokea mwiko. Tunahubiri juu ya Martha na Mariamu, tukimlaumu Martha, bila kuuliza ni nani angepika.

Hapo ndipo sisi wanaume, na vijana wanaotoka mijini kuja kuandaliwa, tunapaswa kujiangalia.

Dawa tunayo hapa hapa nyumbani. Waadventista, walio na mizizi Gusii tangu mwanzoni mwa karne ya 20, huitumia Ijumaa kujiandaa. Chakula hupikwa, nguo hupigwa pasi, na jua likitua kazi husimama hadi machweo ya Jumamosi. Si lazima uwe wa dhehebu hilo ndipo uige mpango huo.

Tarehe 24, kabla ya giza, wanaume wapasue kuni na kuchinja kuku. Vijana wachote maji na kuchambua mboga. Wageni waelezwe mapema saa ya kula. Asubuhi ya tarehe 25, redio izimwe, simu ziwekwe kando, na kila mtu apewe nusu saa yake, awe chumbani, chini ya mti au pembezoni mwa shamba la chai. Asome, aombe, au anyamaze tu mbele za Mungu. Mama awe wa kwanza kutoka jikoni, na baada ya karamu vyombo vioshwe na wengine.

Mgeni akisubiri chai nusu saa hatadhurika. Mama anayemaliza sikukuu kila mwaka akiwa hoi, bila hata sala moja ya utulivu, anadhurika mwili na roho, na wanaomchosha ni wale wale aliowapikia.