Maji yaliyoingia yapewe njia ya kutoka

Ndugu mfanyakazi,

Kabla masika hayajafika hapa kwetu Katanga, nakuomba ukatazame kitu kimoja. Pale nje, karibu na pompi, kuna sanduku la chuma lenye saa za presha na za umeme. Mlango wake una kioo, ili usome namba bila kufungua. Unapita karibu nalo kila siku. Je, umekwisha kutazama ukingo wa chini wa kile kioo?

Mimi nilichelewa kutazama. Nilikuwa kijana katika kazi yangu ya kwanza, na maji yalikuwa yanapenya kwenye kioo cha sanduku kama hilo. Kapita akasema: «Jaza mastiki.» Tukajaza. Tukaziba juu, chini, kushoto, kulia, hata yale matundu madogo ya chini ya fremu na chini ya sanduku lenyewe, kwa kuwa tuliona matundu ni makosa ya aliyelitengeneza. Tukajisifu sana. Wiki chache za mvua zikapita, mwenzangu akafungua mlango, maji yakammwagikia miguuni. Nyaya zilikuwa zimelala ndani ya maji. Siku ile umeme ulikuwa umekatwa kwa sababu ya kazi nyingine kabisa, ndiyo maana mwenzangu alirudi nyumbani kwake jioni. Si sisi tuliomwokoa.

Tangu siku ile nina neno moja, nalo nalisema kwa kila fundi: mastiki si ukuta. Maji yataingia tu. Upepo huyasukuma, mastiki huchoka na jua, na hata bila mvua maji huzaliwa humo humo ndani. Wewe unajua usiku wa mwezi wa sita ulivyo hapa: mchana jua kali, usiku baridi. Hewa ya ndani ikipoa, unyevu wake hushika kioo na chuma kama jasho, halafu huteremka. Basi sanduku lililozibwa kila mahali bila kujengwa kwa namna hiyo ni ndoo yenye mlango.

Lakini usichukue mashini ukaanza kutoboa matundu yako mwenyewe! Kila sanduku la umeme lina daraja lake la kinga, na tundu baya huharibu kinga hiyo. Mwulize fundi wa umeme. Matundu yaliyotoka kiwandani ndiyo ninayoyatetea.

Sasa kioo chenyewe. Chuma na kioo havikui sawa katika joto. Bamba la chuma la mita 1 likiongezeka joto kwa digrii 40 hurefuka karibu nusu milimita. Kioo hurefuka pungufu kidogo. Utasema ni jambo dogo. Ndiyo, ni dogo, lakini kioo hakijui kukunjika, na kikibanwa kwenye pembe moja tu, pale ufa huanza. Kwa hiyo kikate kiwe kidogo kuliko fremu, kibaki na nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Kikalishe juu ya vipande viwili vya mpira mgumu, kila kimoja kwenye robo ya upana kutoka pembeni, bila kuziba njia ya maji. Kisiguse chuma kitupu wala kichwa cha skrubu. Mbele na nyuma weka ukanda wa mpira unaovumilia jua. Najua wengi hukata mpira wa ndani wa gurudumu la zamani. Ni rahisi, lakini jua letu huupasua upesi.

Kutu nayo ni adui asiyeonekana. Chuma kikila kutu, ile kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Ikikosa nafasi, husukuma kioo mpaka kinapasuka. Nimesikia watoto wa jirani wakilaumiwa kwa mawe ambayo hawakuyatupa. Basi toa kioo cha zamani, piga burashi ya chuma mpaka king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, ngoja ikauke, ndipo uweke kioo kipya.

Na ile mastiki inayonuka siki? Iache magazini. Asidi yake hula zinki na shaba. Sisi tunaochimba shaba tungekuwa wa mwisho kuiweka karibu na nyaya za shaba! Omba silikoni isiyo na asidi. Ukingo wake wa nje uteremke, maji yasisimame.

Kioo cha kawaida kikivunjika huwa visu. Afadhali kile cha tabaka mbili chenye utando katikati, maana vipande hubaki vimeshikana. Lakini hicho nacho kikikaa na miguu ndani ya maji, pembe zake huwa nyeupe na utando huachana: ona tena faida ya yale matundu. Kile kilichochomwa ili kiwe kigumu hakikatwi tena, kwa hiyo pima vizuri kabla ya kuagiza.

Bwana shefu, neno hili ni lako. Kazi hii haiishi kwa nusu saa, na rangi haikauki kwa amri. Ukiiagiza mvua ikiwa tayari inanyesha, fundi atakupa mastiki tu, kwa sababu hukumpa muda wa kitu kingine. Iweke katika kiangazi. Tena mlango usifunguliwe mpaka umeme umekatwa, kufuli la fundi limefungwa, naye amepima na kuona hakuna umeme. Glavu na miwani pia, hata kwa kioo kidogo.

Nawe ndugu, ukikuta ufa usiufunike kwa kartoni. Kartoni hunywa maji, na inamficha mkubwa ubaya uliopo. Andika katika daftari la zamu ni sanduku gani, ufa uko wapi, matundu ya chini yako wazi au yamezibwa. Yakiwa yamezibwa, usiyachokonoe kwa waya ili kuona kama maji yatatoka. Mwite fundi wa umeme, umngoje pale pale, na mtu asishike mlango.