Tusiuzike Mkono wa Mchoraji Mabango

Anayetoka mjini Kisumu kwa barabara ya Kakamega, hata kabla ya kufika njia panda ya Mamboleo, huwa amepita mabango mengi asiyoweza kuyasoma yote. Miaka ya themanini na tisini mabango ya namna hiyo aghalabu yalikuwa kazi ya mkono. Fundi alipiga mistari kwa chaki, akapima kwa jicho nafasi baina ya herufi, kisha akashika brashi na rangi ya mafuta. Siku hizi mengi ni turubai za plastiki zilizochapwa kwa mashine, nayo hukamilika mteja angali anakunywa chai.

Tangu mwaka 2022, zilipoenea programu za akili unde zinazotoa picha kwa kuandikiwa maneno tu, wanafunzi wamekuwa wakiuliza kuna faida gani kujifunza kuchora. Wapo walimu wanaowajibu kwamba penseli imepitwa na wakati. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Fundi wa brashi anajua kwamba A na V zikisimama pamoja huacha pengo linalochukiza macho, na kwamba nyekundu juu ya buluu haisomeki kwa mbali. Anajua pia kuwa abiria wa matatu ana nukta chache tu za kulitazama bango. Mtu huyu akiketi mbele ya kompyuta, kinachombakia ni kujifunza vitufe. Aliyeanza na vitufe, programu ikibadilika, huanza upya. Ndiyo maana mabango yetu mapya yamesongamana maneno na nambari za simu (na Kiswahili chake, Mungu atusaidie!).

Wanamuziki wa ufuo huu wa Ziwa walipambana na badiliko kama hilo mapema. Gitaa lilipoingia Nyanza, wapigaji hawakuitupa nyatiti na nyuzi zake nane. Namna yake ya kudonoa nyuzi waliihamishia kwenye gitaa, na benga ikazaliwa. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyefariki Kisumu mwaka 2006, aliieneza benga hiyo akiwa na bendi yake ya Shirati Jazz. Chombo kilikuwa kigeni, lakini vidole vilikuwa na elimu yao tayari.

Hata hivyo, ustadi peke yake haukuwashibisha. Kanda za kaseti zilirudufiwa ovyo, na jasho la wanamuziki likawanufaisha wengine. Kwa hiyo mwanafunzi wa sanaa afundishwe pia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na jinsi ya kuandikiana mkataba. Wala simtetei fundi anayekataa katakata kugusa kompyuta. Huyo anajinyima riziki kwa hiari yake.

Mtaala wa umilisi umeipa sanaa mkondo wake, pamoja na michezo, katika shule za sekondari ya juu. Nahofia kwamba shule zitanunua mashine na kuisahau karatasi. Walimu wa Mamboleo hawana haja ya kwenda mbali: wamwalike mchoraji mabango aliyeko kando ya barabara afundishe herufi kwa muhula mmoja, kisha mwenye duka la kuchapa afuatie. Na wote wawili walipwe ujira kamili kama walimu, si kuagwa kwa soda na makofi.