Istilahi Zimo Karakanani

Limezoeleka dai kwamba Kiswahili hakiwezi kumudu michezo ya kompyuta kutokana na uhaba wa istilahi. Dai hilo halina mashiko. Mfano mwafaka ni Terraria, mchezo wa Kimarekani uliotolewa na kampuni ya Re-Logic mwaka 2011. Katika ulimwengu wake wa picha bapa, mchezaji huanza na sururu, shoka na upanga mfupi wa shaba. Huchimba mtapo na kuuyeyusha katika tanuri, vipande 3 vya mtapo wa shaba vikitoa mkuo 1. Kwa mikuo 5 ya chuma huunda fuawe, na juu yake hufua silaha na deraya za kukabiliana na mazimwi.

Mtapo, mkuo, fuawe, deraya: hakuna neno hata moja hapo lililohitaji kubuniwa. Wahunzi na watambaji walikuwa nayo zamani.

Yamkini atazuka mtu aseme kwamba vijana wanaocheza wanaelewa Kiingereza. Ni kweli, lakini suala si kuelewa. Neno lisilotumiwa huota kutu, na kamusi pekee haiwezi kulinoa. Mwaka 2017 mchezo huu ulikuwa tayari na Kirusi na Kichina, Kiswahili hakikuwemo. Hata hivyo, unaruhusu vifurushi vya wapenzi wake vinavyobadilisha maandishi. Basi darasa la tafsiri lisingoje kampuni. Lianze na faharasa ya zana, liwape wachezaji waipime. Upungufu haumo katika lugha, umo katika uzembe wa wasomi wake.